Dark Souls: mwisho wa kuzima moto ndio mwisho halali, na ushahidi uko ng'ambo ya ziwa letu

Jiwe la Igogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tahadhari mapema: uzi huu unatoboa mwisho wa Dark Souls ya kwanza (2011) na ya tatu (2016). Kama bado uko Firelink, pale unapoanzia safari, unapigwa na mifupa ya makaburini, funga, utarudi ukimaliza.

Hoja yangu ni moja. Miaka yote tunabishana kama kuunganisha moto (kujitoa uungue ili moto usizimike) ni ushujaa au ujinga, kama mkweli ni Frampt, nyoka anayekutaka uunganishe, au Kaathe, nyoka anayekutaka uuache. Mimi nasema ile ibada ni mazishi yaliyokatizwa. Gwyn alikuwa mfalme ambaye zamu yake imekwisha, moto wake ulipaswa kuzimika naye, uje wa mwingine. Akagoma. Gemu zote tatu ni matokeo ya huo mgomo.

Kwa ambao hawajacheza, nawapa kwa kifupi. Zamani dunia ilikuwa ya kijivu, miti mirefu na madragoni yasiyokufa. Ukatokea Moto wa Kwanza, tofauti zikazaliwa: joto na baridi, uhai na mauti, nuru na giza. Wanne wakachota roho humo: Nito wa kwanza kati ya wafu, Mchawi wa Izalith na binti zake, Gwyn bwana wa mwanga wa jua, na yule mbilikimo mnyatiaji ambaye kila mtu humsahau. Madragoni yakapigwa, Gwyn akatawala. Moto ulipoanza kufifia akaingia tanuruni, akajifanya kuni. Enzi nyingi baadaye unakuja wewe. Unagonga kengele mbili, moja juu kanisani, nyingine chini kabisa baada ya kinamasi cha Blighttown (pale kwenye PS3 picha ilikuwa inakwamakwama hadi unashikwa kichefuchefu). Unapanda Anor Londo, mji wa miungu, unapewa chombo kiitwacho Lordvessel, unakusanya roho kubwa, mwisho unamkuta Gwyn amebaki ganda, na kinanda kinapigwa polepole huku anakukimbilia na upanga wa moto. Unamuua. Halafu unachagua: uguse moto uungue, au ugeuke utoke.

Sasa tuvuke ziwa. Pale Mengo, Kampala, kwenye lango la jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kuna moto unaoitwa Ggombolola. Unawaka mchana na usiku muda wote Kabaka yuko hai. Akiondoka duniani unazimwa, na tangazo halisemi mfalme amekufa, linasema moto wa Buganda umezimika. Mrithi akishika kiti unawashwa wake.

Linganisha. Kwa Waganda moto unamfuata mfalme. Akienda, unakwenda, katikati panakuwa na giza, na hilo giza limo ndani ya ibada yenyewe, watu wanalijua na wana kazi za kufanya ndani yake. Kwa Gwyn mambo yamepinduliwa. Moto unabaki, mfalme analiwa. Anayefuata naye analiwa. Angalieni vizuri: anayeunganisha moto hatawali hata siku moja. Hakuna kiti wala taji, kuna kuungua tu. Huo utaratibu hauna mrithi, una kuni.

Na Gwyn alikuwa na mrithi! Mwanawe wa kwanza aliungana na madragoni, akafutwa jina kwenye kumbukumbu, sanamu zake zikavunjwa. Karibu kila kitu kwenye gemu ya tatu kinaonyesha kuwa ndiye yule Nameless King anayepanda dragoni kule Archdragon Peak. Binti yake Gwynevere tunayemkuta Anor Londo ni kiinimacho cha ndugu yake Gwyndolin. Mpige mshale uone: anga lote linageuka giza, maana hata lile jua lilikuwa la uongo. Filianore, bintiye mdogo, kalazwa usingizi kwenye Ringed City huku amekumbatia ganda la yai. Ukiligusa, jiji lote linageuka jangwa la majivu. Mzee alifuta mtoto mmoja na kulaza mwingine ili muda usisogee. Kwangu hiyo ni picha ya mtu aliyekataa kurithiwa.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, matusi pelekeni kwa yule bosi Bed of Chaos.

Pedi Mbovu

Mkuu umeandika vizuri lakini ni chai ya tangawizi. Miyazaki, mkurugenzi wa gemu, ni Mjapani. Anajua Kabaka ni nani? Ameshawahi kusema mwenyewe kwamba utotoni alikuwa anasoma vitabu vya hadithi vya Kiingereza ambavyo havielewi vizuri, sehemu asizoelewa anazijaza kwa kichwa chake. Ndiyo maana gemu zake zina mashimo. Wewe umejaza mashimo kwa Mengo, mwingine atajaza kwa Biblia, mwingine kwa siasa za mtaani kwake. Kila mtu atakuwa sahihi.

Jiwe la Igogo

Sijasema kaiga, mkuu. Nimesema ukitaka kujua kitu kimevunjika wapi, tafuta kile ambacho hakijavunjika ukiweke kando yake. Nilicheza gemu hii tangu nikiwa mwanafunzi kwenye kibanda cha PS mtaani, nalipia kwa nusu saa huku wenzangu wanapiga mpira, na sikuwahi kuelewa kwa nini mwisho wa kuunganisha moto unaniacha na uchungu wakati muziki na picha vinaniambia nimeshinda. Niliposoma habari za Ggombolola ndipo nikaona kinachokosekana: kile kipande cha katikati.

Na si kila kitu kinaingia kwenye hayo mashimo. Wewe jaribu kuniwekea nadharia inayoeleza kwa nini moto wa gemu ya tatu ni mdogo. Nakungoja.

Senene wa Kashai

Nina shangazi aliyeolewa Masaka, haya ya moto nayajua, mwanzisha uzi hajadanganya. Naongeza kitu. Mwaka 1966 jeshi lilivamia jumba la Kabaka, Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza. Mwaka 1967 falme zikafutwa kwa katiba. Kabaka akafia London 1969. Hapo hakuna mfalme, hakuna ufalme kisheria, hakuna chochote. Mwaka 1993 mwanawe Mutebi akatawazwa kule Buddo, kiti kikarudi.

Sasa rudi kwenye gemu. Hoja nzima ya Frampt na Gwyn ni kwamba moto ukizimika basi, ndiyo kwaheri. Nani aliwaambia? Kwenye gemu zote hakuna kiumbe hata mmoja aliyeiona Enzi ya Giza na kurudi na habari. Ni hofu ya mwenye kiti tu. Kaathe mwenyewe anasema Gwyn aliogopa giza na wanadamu, ndiyo maana akapinga mwendo wa asili.

Pedi Mbovu

Kaathe ndiye aliyewapotosha wale Wafalme Wanne hadi mji wao wa New Londo ukazamishwa na watu wake wote ndani. Leo ni shahidi wa kuaminika?

Senene wa Kashai

Shahidi mwongo anaweza kusema kweli pale ukweli unapomfaa. Kaathe hajakosea kuhusu Gwyn. Amekosea kuhusu unachopaswa kufanya baadaye. Ukitoka tanuruni kwenye gemu ya kwanza, manyoka yanakuinamia, Frampt naye yumo! Yule yule aliyekubembeleza uunganishe moto. Yanakuita mtukufu. Yaani hata huo mwisho wa giza ni kiti kilekile, kimebadilishwa kitambaa.

Dogo Mabatini

Laptop yangu ina RAM 4, itabeba?

Jiwe la Igogo

Ya kwanza itabeba. Lakini toleo la kompyuta la 2012 lilikuja na kasoro nyingi, mashabiki wakalitengeneza wenyewe, kwa hiyo tafuta na hilo rekebisho lao. Na tafuta pedi, usije ukacheza kwa kipanya ukatulaumu humu. Ya tatu itakutesa.

Ng'wana Kisesa

Mwangaluka wanajukwaa.

Mwanzisha uzi umekwenda mbali hadi Mengo, ungeanzia hapa Bujora. Lile banda la watemi pale makumbusho limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani kuna ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma. Nilipowapeleka vijana wangu, huyu wa sekondari akasimama mlangoni akasema, "Baba, hii ni Firelink ya tatu." Sikumwelewa hadi aliponionyesha kwenye simu. Viti vitano vikubwa, karibu vyote vitupu, na kazi yako ni kwenda kuwaua wenye viti na kurudisha masalia yao vitini.

Nikacheza. Nina miaka yangu lakini nimecheza. Kuna kitu vijana hamjakisema. Huku kwetu mtemi hakujichagua. Wanang'oma, wazee wa baraza lake, ndio waliomchagua. Utawala wa machifu ukafutwa baada ya uhuru, mwaka 1963 ikawa imekwisha, lakini ngoma zile zilibaki maana zilikuwa na watunzaji, hazikuwa mali ya mtemi peke yake.

Kwenye gemu, wanang'oma ni nani? Hakuna. Kuna kengele. Kengele inalia, maiti zinafufuka, ziende zikaungue. Na yule mwanamfalme Lothric, amezaliwa na kulelewa kwa kazi hiyo tu, akakataa, akajifungia juu na kaka yake mlemavu. Wachezaji wengi wanamcheka kuwa mvivu. Mimi nilimwelewa. Ni mtu wa kwanza kwenye hadithi nzima aliyeulizwa akasema hapana.

Jiwe la Igogo

Wabeja sana mzee wangu. Hii ya Lothric nilikuwa sijaiweka.

Na tazameni aliye kwenye kiti akikubali: Ludleth wa Courland. Mfupi, mwili umeliwa na moto, amekaa pale pembeni kwa adabu zote anakubadilishia roho za mabosi. Kuna wakati unamkuta amesinzia anaweweseka, analalamika anaungua, anaomba msamaha. Akiamka anaongea kistaarabu kana kwamba hakuna kitu. Huyo ndiye shujaa wa mfumo. Alikubali, akafanya kila alichotakiwa, na bado baada ya kifo kengele imemwamsha aje aungue tena.

Mdau wa Ughaibuni

Niingilie kwa upande wa Japani kwenyewe, maana Pedi Mbovu kauliza. Hekalu kuu la Ise hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na inayofuata ni 2033. Jengo jipya linasimama kwenye kiwanja cha jirani, kwa mtindo uleule, la zamani linaondolewa. Hawasubiri lioze. Kwa hiyo wazo la kwamba kitu kitakatifu hudumu kwa kumalizwa kwa wakati wake, Miyazaki hahitaji kulitoa Uganda.

Lakini tusidanganyane, Japani hiyohiyo ina moto wa mlima Misen, kisiwa cha Miyajima, ambao mapokeo yanasema uliwashwa na mtawa Kukai na umekuwa ukiwaka zaidi ya miaka 1200. Moto wa amani wa Hiroshima ulichukuliwa pia kutoka huko. Huo hauzimwi, na hakuna anayeona kuna laana. Kwa hiyo nadharia ya "moto usiozimwa ni dhambi" haiwezi kusimama peke yake.

Jiwe la Igogo

Nondo hiyo. Nakubali kuizungusha, ila siitupi. Moto wa Misen unakula kuni. Wa Gwyn unakula watu. Shida yangu siyo moto kudumu, shida ni nini kinaingizwa ndani ili udumu.

Na hapo ndipo swali langu kwa Pedi Mbovu linapoingia. Gemu ya kwanza ukigusa moto, unashika mkononi, unapanda mwili mzima, halafu tanuru lote linalipuka. Gemu ya tatu unagusa, unashika kidogo tu, mtu wako anakaa chini kando ya moto amechoka, na jua juu ni duara jeusi lenye ukingo unaovuja moto, sawasawa na Darksign, ile alama ya laana ya wasiokufa. Hakuna mlipuko. Kuni zimekwisha. Na bosi uliyempiga hapo ni mkusanyiko wa wote waliowahi kuungua. Anabadilisha silaha na uchawi katikati ya pambano, na ukimmaliza mara ya kwanza anainuka na mapigo ya Gwyn, na noti zile za kinanda zinarudi. Mimi pale niliweka pedi chini. Yaani mzee bado yumo.

Pedi Mbovu

Hilo la noti nakupa. Lakini duara jeusi lina maelezo yake: zile nguo za wale mashujaa wa Ringed City zinasema wazi kwamba miungu iliweka muhuri wa moto juu ya silaha za wanadamu wa kwanza na walionazo. Darksign ni muhuri. Muhuri ukichoka unavuja. Hakuna haja ya mambo ya mrithi na mazishi.

Senene wa Kashai

Sasa si umemsaidia mwenzako? Mfalme anayepiga muhuri watu wa chini ili wasije wakashika zamu, huyo anafanya nini kama hakatai kurithiwa?

Pedi Mbovu

😂 Nipo pale nimekaa.

Mzawa wa Ukara

Mimi nimekulia kwenye dagaa. Nimesoma uzi wote, naona mnaogopa giza kama watu wa mjini.

Sikilizeni. Mbalamwezi ikiwa kubwa sisi hatuendi ziwani. Ziwa lote jeupe, taa yako haionekani, dagaa hawaji. Tunashona nyavu, tunalala. Giza likirudi ndipo kazi inaanza. Ukisimama ufukweni usiku huo unaona taa zimetapakaa hadi mwisho wa macho, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, zinapanda na kushuka na mawimbi.

Nilipomaliza gemu ya tatu kwa mwisho wa Mtunza Moto, yule dada anayelinda moto pale Firelink, anachukua ule mwali mkononi mwake, unafifia, picha inakuwa nyeusi kabisa, na anasema kwamba siku moja vimoto vidogo vitacheza gizani. Watoto wa ndugu yangu wakasema mwisho wa huzuni. Nikawaambia huo ni mwanzo wa msimu.

Jiwe la Igogo

Aisee. Nimekosa la kuongeza hapo.

Niseme tu kwa ambao hawajaufikia: mwisho huo haupatikani kwa kwenda moja kwa moja. Baada ya kumpiga bosi Oceiros unapita njia ya siri hadi Untended Graves, ambayo ni Firelink ileile lakini gizani, bila mtu isipokuwa yule bibi wa duka. Piga ukuta wa uongo ndani, utapata macho ya Mtunza Moto wa kwanza. Mpelekee dada. Maelezo ya yale macho ndiyo yaliyonishika: watunza moto wote waliomfuata wamenyimwa macho, na macho hayo yanaonyesha dunia isiyo na moto. Yaani aliyepewa kazi ya kuulinda moto kapofushwa ili asijue kwamba kuna kitu upande wa pili. Akiona tu, anakubali kuuzima kwa mkono wake. Hakubembelezwa wala kutishwa. Kaonyeshwa.

Malkia wa Londor

Wote mmeukwepa mwisho bora, wa kuupora moto. Yuria na watu wa Londor, nchi ya wasiokufa, wanakupa kila kitu: unaoa, unatawazwa, unaufyonza moto wote uwe wako. Wasiokufa wanapata mfalme wao. Huyo ndiye mrithi mnayemtafuta! Mbona mnamruka?

Ng'wana Kisesa

Mwanangu, umeiona hiyo harusi? Bibi harusi, au bwana harusi, ni Anri, rafiki yako uliyesafiri naye. Unamkuta amelazwa kaburini, uso umefunikwa kitambaa, na "kuoana" ni kumchoma upanga usoni ili umchukulie alama zake za giza. Sijui kwenu, lakini kwetu harusi ya namna hiyo ingeitiwa kikao.

Malkia wa Londor

Mzee 😂😂 lakini ni ibada, ni ishara!

Jiwe la Igogo

Ni ishara kweli, na inasema wazi: hata hapa kuna mtu kaingizwa motoni. Umebadilisha mwenye kiti, kuni ni zilezile. Ila kwa wanaoutaka, msije mkaharibu: mkubali yule mzee Yoel wa Londor akupe nguvu mara zote tano kabla hajafa, na usimruhusu Mtunza Moto akuponye zile alama. Wengi wanajiponya kwa wema halafu wanakuja humu kulia.

Mdau wa Ughaibuni

Swali la mwisho kwa mwanzisha uzi. Nadharia yako yote umeitoa nje: Mengo, Bujora, Ukara. Ndani ya gemu kuna mtu yeyote anayesema unachosema? Maana nadharia nzuri lazima mhusika mmoja aiguse.

Jiwe la Igogo

Yupo, na nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Ariandel, ile dunia iliyochorwa, nyongeza ya 2016. Mchoro umeoza, inzi kila kona. Friede na Baba Ariandel wanauzuia moto usiwake, wanataka uozo uendelee taratibu maana ni mtamu kwao. Kwenye kijiji cha wale ndege-watu, mmoja wao anakwambia kwamba dunia ikioza wao huichoma moto kwa ajili ya inayofuata, na kwamba hilo ndilo jambo pekee wanalofanya sawa, tofauti na wale wajinga wa nje.

Wajinga wa nje ni sisi. Ni Gwyn na kila aliyegusa moto baada yake. Na dada mchoraji anakaa pale darini na turubai tupu, anangoja rangi, ambayo mzee Gael anaitafuta hadi mwisho wa dunia na inageuka kuwa damu yake mwenyewe. Ukimpelekea, anachora dunia baridi, yenye giza, ya upole sana. Angalia tofauti: Ariandel kazi ya moto ni kumaliza. Kwa Gwyn moto uleule umefanywa wa kuzuia mwisho. Kifaa kimoja, matumizi yamegeuzwa.

Pedi Mbovu

Huyo ndege yuko wapi? Mimi kile kijiji niliua wote.

Jiwe la Igogo

Kwenye nyumba mojawapo palepale kijijini, amekaa chini hakushambulii. Ingia bila kukimbia, angalia kwanza kabla hujapiga. Na wale wengine wanaojikokota nje usiwapige, wengi wao hawana ugomvi na wewe, ni hawa wenye makucha ndio wa kukimbia.

Dogo Mabatini

Nimepata pedi. Naanzia darasa gani?